Barua tatu chini ya godoro

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Mtoto anafika darasa la nne hajui kusoma. Wa kulaumiwa ni nani, mwalimu au mzazi?" Nimelisoma usiku, nikazima taa nilale, nikaiwasha tena. Nimekuwa ofisa ustawi wa jamii kwa miaka 31 mpaka nilipostaafu, na swali kama hilo niliwahi kulijibu kwa maandishi, kwenye faili, kwa wino. Nilijibu "mzazi". Sikuchukua hata nusu saa kufikiri.

Leo nawajibu upya, na nasema mapema nisije nikaonekana nazunguka: mwacheni mzazi. Tangu mwaka 2012, nchi iliposhtuka kusikia kuna maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma, kila mkutano wa wazazi niliohudhuria umeisha kwa wazazi kusemwa. Hamkagui madaftari. Mkiitwa hamji. Mnaandikiwa barua, hamjibu. Hilo la barua ndilo lililoniamsha kitandani. Kabla hatujauliza kwa nini mzazi hakujibu barua, tuulize ni nani aliyemsomea.

Swali hilo nililirithi kwa mwalimu wangu. Nitamwita Profesa, ingawa wakati wa kisa nitakachosimulia alikuwa bado mhadhiri. Mwaka 1971 alikuwa binti wa miaka 19 kisiwani Ukerewe. Wasomaji wanaonizidi umri wanakumbuka: Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha zikachaguliwa wilaya sita zifute ujinga kabla 1971 haijaisha, Ukerewe, Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Tanga. Binti yule akakabidhiwa darasa la kina mama na wavuvi waliomzidi umri mara mbili. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, na jioni taa yake ilikuwa karabai ya kuazima kwa wavuvi. Hiyo karabai muiweke akilini, nitairudia.

Kutoka hapo akasomea ualimu, akaenda chuo kikuu, akarudi kufundisha walimu wa kisomo, yale madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika. Katikati ya miaka ya 1980 akaanza kukaa pia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, yale mabaraza ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wenzake chuoni walimwona amepotea njia. Yeye alisema alichoshwa na kuona mume na mke wamewekewa karatasi moja mezani, na mmoja tu ndiye anayeijua inasemaje. Takwimu za taifa alizipenda kama mtu anavyompenda mwanawe: wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, wakashuka hadi asilimia 9.6 mwaka 1986, na jasho lake lilikuwamo. Lakini ukizitaja mbele yake alikuuliza papo hapo ni wangapi waliofika hatua ya tatu na ya nne, zile za juu za mtihani wa kisomo, wangapi waliachwa hatua ya kwanza, na huko kijijini wana nini cha kusoma baada ya mtihani.

Sasa kisa chenyewe.

Mwaka 1992 nilikuwa Mwanza kwa mazoezi ya vitendo, kijana wa miaka 24 mwenye viatu vilivyong'arishwa, na Profesa ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Nikapewa faili la mtoto wa darasa la nne wa shule moja ya msingi, sitaitaja. Mtoto hajui kusoma, mtoro, mama yake ameandikiwa barua tatu na hajajibu hata moja. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika: "Mzazi haonyeshi ushirikiano." Nami chini yake, kabla sijafika hata nyumbani kwao, nikaandika: "Naafiki."

Tukapanda Igogo, mtaa wa mlimani pale Mwanza. Anayekujua kule anajua ni kupanda kwelikweli, jiwe kwa jiwe, nyumba imekaa juu ya mwamba kama ndege. Mama wa mtoto alikuwa na miaka kama 30, watoto wanne, mume mnunuzi wa dagaa anayekwenda visiwani na kurudi baada ya wiki. Akamwamkia Profesa shikamoo, akatutandikia mkeka, akatuma mtoto kuleta maji. Hakuwa na dalili yoyote ya mtu asiye na ushirikiano, nami nikaona hiyo ni ujanja. Nikafungua faili, nikaanza kumsomea makosa yake.

Profesa hakunisikiliza. Alikuwa anatazama ukutani, palipotundikwa mfuko wa plastiki wenye kadi za kliniki. Kila kadi ilikuwa imeshonwa uzi pembeni, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, mmoja mweusi.

"Uzi mwekundu ni wa nani, mwanangu?"

"Wa huyu wa mgongoni, mama. Wa kijani ni wa dada yake."

"Na tarehe ya kurudi kliniki unaijuaje?"

"Nesi huniambia baada ya wiki ngapi, nafunga mafundo kwenye kanga."

Mimi nilikuwa nimeziona kadi zile tangu tunaingia. Niliziona nikadhani ni mapambo.

Profesa akauliza barua za shule ziko wapi, kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za nyuzi. Mama akainuka, akanyanyua godoro, akazitoa zote tatu. Zilikuwa zimefungwa kwenye nailoni, safi. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa, mbili bado zimegundishwa. Akaeleza. Ile ya kwanza aliipeleka kwa jirani amsomee. Jirani akasoma kwa sauti, uani, watu wakiwa wanafua, kwamba mtoto wako yuko nyuma ya wenzake wote darasani. Jioni mtoto akarudi analia, wenzake wanamwita zuzu. Zilipokuja ya pili na ya tatu akazificha. Hakuzitupa, maana zilikuwa na muhuri, na kitu chenye muhuri aliogopa kukitupa.

Profesa akaomba rejesta ya mahudhurio, nakala niliyokuwa nayo kwenye faili. Niliiona kama ushahidi wangu mkubwa kabisa: hayupo, hayupo, hayupo, siku tisa, kumi kwa mfululizo, kisha yupo wiki mbili na ushee, kisha hayupo tena. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akahesabu kwa kidole, akamuuliza mama: "Hizi si siku za giza?"

Sikuelewa. Mimi natoka Dodoma. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa mwanga wa karabai. Taa inawavuta, wavu unawakusanya. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu na mitumbwi inakaa. Mwezi ukifa, ziwa linajaa taa na asubuhi ufukwe umejaa dagaa wa kuanika, kugeuza, kuanua mvua ikitishia. Mama alikwenda kuanika kwa ujira, mtoto akabaki na mdogo wake wa mgongoni au akamsaidia kufukuza ndege. Rejesta ya shule ilikuwa inafuata mwezi wa mbinguni, na hapakuwa na mtu shuleni aliyeinua macho. Profesa alijua kwa sababu ya ile karabai ya Ukerewe: siku za mbalamwezi wavuvi walikuwa nyumbani, taa ikapatikana, darasa likajaa. Siku za giza taa ilikwenda ziwani na wanafunzi wake nayo. Mwaka mzima alifundisha kwa kalenda hiyo.

Mtoto anayekosa theluthi ya kila mwezi huzikosa silabi zilizofundishwa katika theluthi hiyo. Akirudi anakuta wenzake wapo mbele, katika darasa, kwa kumbukumbu yangu, la watoto 87. Yule mwalimu naye sina moyo wa kumhukumu.

Nilidhani tutaondoka. Profesa akaomba mkaa. Juu ya jiwe la mlangoni akaandika DAGAA, akaikata: da, ga, a. Vitabu vya kisomo vya Kanda ya Ziwa vya enzi zake vilianzia kwenye kazi ya mtu, pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe, wala hakuona sababu ya kuacha. Akaitanua: da, de, di, do, du. Ga, ge, gi, go, gu. Akamwambia mama achukue da mbili. Dada. Kisha akamwambia achukue i, halafu go, halafu go nyingine. Mama akasoma polepole, akanyamaza, akatazama mteremko mzima wa nyumba zilizokuwa chini yetu, akasoma tena. Igogo. Mtoto wake wa darasa la nne alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na alisema neno hilo sekunde moja kabla ya mama yake. Wote watatu tulimsikia. Profesa hakugeuka, asije akamtisha.

Nilipanda mlima ule kila Jumatano kwa miezi minne. Mafunzo yalikuwa ya mama. Mtoto alikaa pembeni akijifanya anachezea mawe, kisha akawa anamsahihisha, kisha wakawa wanashindana. Mwezi wa nne mama akafungua barua ya tatu mwenyewe. Ilimchukua karibu nusu saa. Ilikuwa na ombi moja tu: mtoto aje angalau vipindi viwili vya asubuhi. Akaikunja. "Kumbe walitaka hiki tu," akasema.

Laiti ningeweza kuishia hapo, msimamo wangu wa mwacheni mzazi ungebaki mzima. Lakini nimeanza kusimulia na inabidi nimalize.

Giza lililofuata mtoto hakwenda shule. Siku tisa. Nikapanda mlima kwa hasira, mimi niliyempigania, nikamuuliza barua aliisoma ili iweje. Akanijibu bila kiburi: "Barua nimeisoma, kaka. Na mwezi nimeuona." Mume alikuwa hajatuma kitu, ujira wa kuanika ulikuwa ndio unga wa wiki.

Nilimpelekea Profesa habari hizo nikitegemea amtetee. Hakumtetea. Alisema: "Sasa waweza kuandika kwamba amekataa. Mara ya kwanza hakukataa, hakuwa ameulizwa." Akanifanya nifute lile "Naafiki" na kuandika upya, kurasa mbili, pamoja na gharama ya unga na siku za mwezi. Akaenda mwenyewe shuleni kuomba mtoto asomeshwe jioni siku za giza. Hawakukubali, ratiba haikuruhusu. Mtoto alijua kusoma darasa la tano, na nina hakika mlangoni kwa mama yake palichangia kuliko darasani.

Miaka mingi baadaye ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 8 kinamtwika mzazi haki za mtoto moja baada ya nyingine: chakula, malazi, mavazi, matibabu, kisha elimu na malezi. Nilipokisoma mara ya kwanza nilimkumbuka mama wa Igogo. Chakula kimetangulia, elimu ni ya tano, na nyumbani kwake hizo mbili ziligombania mtoto mmoja asubuhi ile ile.

Kwa hiyo, mhariri, nimeanza nikisema mwacheni mzazi, na nikisoma nilichoandika naona siwezi kusaini hivyo. Mama yule alipojua, aliamua. Ulikuwa uamuzi wake, na kumwambia hakuwa na lawama ni kumrudisha chini ya godoro pamoja na barua zake. Kama ni lazima nichague moja kati ya mbili zenu, nachagua mzazi. Lakini nachagua kwa shingo upande, na kwa mzazi aliyesomewa barua faraghani au aliyeisoma mwenyewe, huyo tu. Wengine wote bado hawajaulizwa. Na mimi sijawahi kulea watoto wanne kwa ujira wa kuanika dagaa, kwa hiyo lawama yangu ipimeni hivyo hivyo.

Ombi langu ni kwa walimu wakuu wa shule za kando ya ziwa, kama wapo wanaosoma jarida hili: kabla hamjaandika barua ya nne, wekeni rejesta pembeni ya kalenda inayoonyesha mwezi, mhesabu kwa kidole.