Kayaki ya plastiki au ngalawa kwa laki nane? Majibu ya mtu aliyemiliki vyote viwili

Mkuu, umeuliza kama kwa laki nane uchukue kayaki ya plastiki iliyotumika hotelini au utafute ngalawa iliyotumika, uvue kwa mshipi pwani ya Kunduchi Jumamosi na Jumapili. Mimi ningechukua ngalawa, na sababu yangu kubwa ni siku chombo kitakapopasuka.

Kayaki yangu ilipata ufa chini ya kiti, urefu wa kidole tu, kwa kuiburuta kwenye mawe maji yakiwa yamekupwa. Plastiki ile haishiki gundi. Nilijaribu gundi za dukani, nikajaribu kuiyeyusha kwa chuma cha moto. Ikashika wiki mbili, ikaachia. Ngalawa ikipata ufa, fundi yuko hapo hapo ufukweni na pamba yake ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa, na mchana unaingia baharini. Tena ukichoka kuna tanga. Kwenye kayaki, upepo wa kusi ukikupata nje umebaki na mikono yako.

Ila kama huna mwenzio, chukua kayaki. Ngalawa haisukumwi na mtu mmoja, na inahitaji mtu wa kuiangalia siku ambazo wewe uko kazini. Kayaki iwe ile ya kukaa juu yake, yenye matundu ya kutolea maji. Ile ya kuingiza miguu ndani ikijazwa na wimbi, kuikumba maji peke yako ni kazi nzito. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu zilizopauka kwa jua. Ikibonyea na kutoa mlio wa kupasuka, iache.

Sasa ngalawa. Ya kwanza niliinunua ikiwa imepakwa rangi ya buluu, inang'aa. Nilikwisha kulipa ndipo mzee mmoja wa pale akaniuliza, "Mjomba, rangi hii imepakwa lini?" Nikamwambia juzi. Akainama, akachomoa kisu cha kuparia samaki, akakisukuma taratibu karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, upande wa ndani. Kikazama nusu, bila nguvu, kama kwenye muhogo uliochemka. Ngalawa nyingi huchongwa kwa mwembe, na mwembe huoza pale maji ya mvua yanapotuama. Maji ya chumvi hayaozeshi mbao hivyo. Kwa hiyo chombo kilichokaa ufukweni masika nzima bila kufunikwa kitazame kwa ndani kuliko nje, na kisu uwe nacho. Muuzaji akikataa usichome, shukuru, ondoka.

Kisha mwombe ilale majini usiku mmoja kabla hujatoa hela. Asubuhi utakuta maji kidogo, hilo ni la kawaida, kwa sababu mbao iliyokaa juani hufunguka kwenye maungio, ikilowa huvimba na kujiziba. Yakikupita kifundo cha mguu, achana nayo. Ndubi, zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke, zitikise moja moja. Kamba zake badilisha zote hata kama zinaonekana nzima. Ndubi ikichomoka nje kwenye mawimbi, ngalawa ile nyembamba inapinduka hapo hapo.

Uliza pia bei inajumuisha nini. Tanga, mlingoti, foromali (mti unaofungiwa tanga), makasia na nanga mara nyingi huuzwa peke yake, na hapo ndipo laki nane yako itakapoisha. Bakiza ya boya la kuvaa na upo wa kukumbia maji. Hivyo viwili usivifanyie ubahili, nakuomba.

Namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni ilingane na karatasi za muuzaji, nawe ukate leseni yako ya uvuvi. Na visiwa unavyoviona mbele yako ukiwa Kunduchi, Mbudya na Pangavini, pamoja na Bongoyo na Fungu Yasini, ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Usitupe mshipi huko hata ukiwaona changu kwa macho.

Ukipata ya kutazama, nenda siku ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Hapo maji hushuka zaidi ya mita 3, chombo kinalala mchangani mkavu, na utaweza kujilaza chini yake ukalipapasa tumbo lote kwa mkono.