Kama huwa hupati choo, usingoje siku ya mwisho kusafisha tumbo

Mara ya kwanza nilipofanyiwa kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa kamera, daktari alisimamisha kipimo kabla hakijafika mwisho. Utumbo ulikuwa bado mchafu. Nilikuwa nimetoka Lamu, nikavuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi mpaka Mombasa, nikanywa dawa yote niliyopewa na kukesha chooni kwa wifi yangu. Nikaambiwa nirudie.

Nesi aliniuliza, "Mama, kwa kawaida unapata choo mara ngapi kwa wiki?" Nikamwambia mara mbili, ikizidi tatu. "Ungetuambia mapema." Kweli sikusema. Nilikuwa na haya, na karatasi ya maelekezo ilikuwa moja kwa wagonjwa wote.

Basi wewe sema. Utumbo wa mtu wa choo kigumu husukuma polepole, na dawa ya siku moja inaweza kupita na maji ikaacha magumu yameganda. Chini ya mabaki hayo hujificha polipu, yaani vinyama vidogo ambavyo vingine vikiachwa miaka huweza kugeuka saratani. Ndivyo hasa vinavyotafutwa.

Mara ya pili daktari alinianzishia dawa ya kulainisha choo wiki nzima kabla, kila siku. Vidonge vya madini ya chuma nikaviacha siku 7 kabla, kwa sababu hufanya choo kiwe cheusi na cha kunata. Kisha siku 3 za chakula chepesi: wali mweupe, samaki wa kuchemsha, mayai, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa. Hapa wengi hukosea, maana tumeambiwa maisha yetu yote tule mchicha, kunde na mbaazi ili choo kitoke. Siku hizo 3 ni kinyume. Acha pia korosho, ufuta na matunda yenye mbegu.

Siku ya kuamkia kipimo ni vinywaji vyepesi tu: chai ya mkandaa, supu ya kuku iliyochujwa, maji ya dafu. Mwenye maradhi ya figo aulize kwanza kuhusu dafu. Chochote chekundu au cha zambarau kiache, kwani rangi yake ndani ya utumbo huonekana kama damu. Na mwenye kisukari, au anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadili kitu bila daktari wake.

Dawa yenyewe ya kusafisha utumbo ilikuwa lita 4. Mara hii niliigawa: nusu jioni, nusu alfajiri, muda wa saa 5 kabla ya kipimo, nikimaliza mapema kama nilivyoagizwa. Iweke kwenye friji, unywe glasi moja kila robo saa, na ukijisikia kichefuchefu pumzika nusu saa kisha endelea. Choo kikitoka kama maji ya manjano unayoweza kuona kupitia kwake, umefika. Kikiwa bado cha kahawia, wapigie simu hospitali kabla hujatoka nyumbani. Tumbo likivimba na kuuma sana, ukatapika na kisitoke kitu chini, acha kunywa na uende hospitali mara moja.

Usijiongezee sanamaki wala haluli za nyumbani, hata bibi akisisitiza.

Sisi wa Lamu tuna jambo letu zaidi: safari. Usinywe dawa hii ukiwa njiani. Fika mjini siku moja kabla ya kuianza, kwa jamaa mwenye choo cha karibu asiyekuharakisha. Na kama tarehe imeangukia Ramadhani, muulize daktari kama inaweza kungoja Idi.

Mara ya pili daktari alinionyesha picha nilipozinduka: kinyama kidogo kama punje ya mbaazi, alichokikata pale pale. Naamini kilikuwapo tangu mara ya kwanza.