Kwa nini tunanunua jezi feki?

SWALI: Kwa nini watu hununua jezi feki huku wakijua? Na nitaitambuaje? – Msomaji, Temeke

JIBU: Wengi hawadanganywi, wanachagua. Klabu hubadilisha jezi kila msimu, na mwenye watoto watatu haoni sababu ya kulipia halisi nne zitakazopitwa mwakani. Tena jukwaani hakuna anayekagua mshono. Kuna na upatikanaji: halisi ikichelewa mikoani au saizi za watoto zikiisha, machinga anazo tayari. Hapo klabu zenyewe zina lawama.

Kabla ya kulipa, igeuze ndani nje. Nyuzi zinazoning'inia na mishono iliyopinda ni dalili mbaya. Kwa jezi za kampuni za kimataifa, tafuta lebo ndogo yenye namba ya bidhaa, uiandike kwenye intaneti. Ikileta jezi nyingine, iache. Lakini namba sahihi pekee haitoshi, maana nayo huigwa. Nembo iliyobandikwa kwa joto ikiinuka kwa ukucha, haitadumu kwenye kufua.

Ukiuziwa feki kwa bei ya halisi, peleka jezi na risiti Tume ya Ushindani (FCC). Bila risiti, kuthibitisha ni kazi ngumu.