Kuzuia kukata mapezi hakutaokoa papa wetu, tatizo ni jarife na papa wachanga

Mkuu umeuliza kwanini serikali isizuie tu kukata mapezi ili papa wapone. Ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo maana nimefanya hii biashara miaka mingi, nanunua papa mnadani kuanzia Kigombe mpaka Moa huko Tanga, natia chumvi naanika nauza mkavu.

Mimi sijawahi kuona mvuvi wa kwetu anakata pezi halafu anatupa mwili baharini. Hayo ni ya meli kubwa za bahari kuu, wenyewe wanatunza nafasi ya friza kwa samaki wa bei na mapezi yanaenda Hong Kong. Huku papa anashushwa mzima, nyama inaliwa, ini linatoa sifa, yaani mafuta ya kupaka vyombo vya baharini, mapezi wakala anayachukua hapohapo ufukweni. Sasa ukizuia kukata mapezi baharini umemzuia nani hapa Tanga?

Kinachomaliza papa ni jarife. Ule wavu wa macho makubwa unalala majini usiku kucha na hauchagui, unaleta papa, taa, kasa, mpaka nguva. Kumbukeni wale silikanti, samaki wa kale adimu sana, waliovuliwa Tanga miaka ya 2000, jarife za papa zilizozamishwa kina kirefu ndo ziliwatoa, mpaka ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya silikanti 2009.

Na papa sio kama chewa anayemwaga mayai malaki kwa malaki. Chukua mbingusi, yule papa mwenye kichwa kama nyundo, jike anakaa zaidi ya miaka 10 ndo azae, mimba inachukua karibu mwaka mzima, na watoto anakuja kuwazalia maji madogo karibu na sisi. Kwahiyo mnadani unakuta fungu la mbingusi wachanga hata mita moja hawafiki, pezi lao halina bei kabisa, wanauzwa kitoweo. Hilo fungu ndo linaniuma kuliko mapezi yote, maana wale ndo wangekuja kuzaa.

Kuhusu CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ni kweli mbingusi wakubwa wale aina tatu wamo tangu 2014, na mkutano wa Panama 2022 ukaingiza karibu papa wote wa biashara waliobaki, kwahiyo kupeleka pezi nje lazima kibali, na kibali kinatakiwa kitoke baada ya wataalamu kujiridhisha kwamba biashara haitamaliza aina hiyo. Ni jambo zuri sana na naliunga mkono, ila linagusa kinachovuka mpaka tu. Papa anayeliwa Tanga au Unguja hayumo humo. Halafu huyo mtaalamu atajiridhisha na nini wakati daftari la mnadani nilizoea kuona limeandikwa "papa" basi, mbingusi papa, mchanga papa, mwenye mimba papa?

Mimi ningeanza na hilo daftari, liandikwe aina na urefu, wavuvi wenyewe wanawajua kwa majina hawahitaji kufundishwa. Pili zile ghuba wanazozalia zifungwe kwa nyavu msimu wa kuzaa tu, sio mwaka mzima, na wazee wa bahari waulizwe ni lini na wapi. Tatu anayetaka jarife iondoke aje na mshipi na chombo cha kufika mbali mkononi, maana mwenye jarife ana watoto wanaosubiri kula leo jioni na akinyang'anywa wavu hivihivi atavua usiku kwa kujificha.