Kabla ya kuitisha baraza: mtoto mwenye ulemavu katika shule ya kijijini

Wengi wanaotaka shule ya karibu ipokee watoto wenye mahitaji maalum hukimbilia baraza la chifu. Sisi tungeliacha baraza hadi mwisho. Pale watu hupiga makofi, hukubali kila kitu, kisha kesho yake hakuna aliye na kazi mkononi. Anza na mtoto mmoja au wawili, shule moja, na kazi ndogo ndogo ambazo kila moja ina mwenyewe.

Msimu mzuri ni Novemba, shule zikifungwa, ili Januari ikukute tayari. Wa kwanza kuonana naye ni mhudumu wa afya ya jamii. Hutembelea takriban nyumba mia moja na anajua mtoto gani hatolewi nje wageni wakija. Nenda naye bila karatasi na bila mzee wa mtaa. Usiulize, "Kuna mlemavu hapa?" Uliza kama kuna mtoto anayehitaji kusaidiwa kula, kutembea, kuona, kusikia au kuongea. Swali la kwanza hujibiwa "hapana" hata pale walipo watatu.

Katika vijiji vya Kisumu, Siaya na Homa Bay utasikia chira ikitajwa, yaani laana inayoaminika kumpata aliyevunja mwiko. Usibishane, hasa mbele ya mama mkwe. Mwombe muuguzi wa zahanati aeleze anachokijua kuhusu chanzo cha ulemavu: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Malaria ya kanda ya ziwa kila nyumba inaijua, kwa hiyo maelezo hayo huingia kuliko hotuba yoyote ya haki. Humwondolea mama lawama, na mama asiyelaumiwa humtoa mtoto nje.

Inayofuata ni tathmini katika kituo cha EARC, mahali ambapo mahitaji ya kielimu ya mtoto mwenye ulemavu hupimwa. Vituo hivi vilianza mwaka wa 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu. Beba kitabu cha kliniki na cheti cha kuzaliwa. Kama cheti hakipo, anza kukifuatilia siku hiyo hiyo, kwa maana usajili wa shule hukwama hapo. Toa nakala tatu za ripoti: ya mzazi, ya mwalimu mkuu na ya mwalimu wa darasa. Nakala moja hulala mkobani kwa mama na mwalimu asijue kwamba mtoto anapaswa kukaa mbele kwa sababu haoni ubao.

Ripoti ikipendekeza shule maalum, isikilizwe. Mtoto kiziwi katika darasa lisilo na hata mmoja anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya hajajumuishwa, ameketishwa tu. Kwake shule ya viziwi kama ile ya Maseno inaweza kumfaa zaidi. Kifungu cha 54 cha Katiba chenyewe kinataka elimu iliyojumuika na jamii kwa kadiri inavyofaa maslahi ya mhusika.

Sasa rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitisha kiti cha magurudumu, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Kipimo ni moja kwa kumi na mbili: ngazi ya sentimita 30 inahitaji mteremko wa mita 3.6. Fundi akikujengea mita moja na nusu "kuokoa simiti", mtoto hawezi kupanda peke yake na akishuka atapinduka. Upana uwe mita 1.2, na mlangoni pawe na tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti cha magurudumu kigeuke. Kando weka kingo za sentimita 10. Kwa kipimo hicho mifuko mitano au sita ya simiti hutosha, ndani ikijazwa mawe. Zege kabla haijashika, ipitishiwe ufagio mgumu. Mafundi hupenda kulainisha hadi ing'ae, na mvua ya Aprili huifanya utelezi mtupu. Ahero na uwanda wote wa Kano, udongo mweusi uchimbwe utolewe kwanza. Huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, na zege iliyo juu yake hupasuka. Choo nacho kikumbukwe: mlango wa sentimita 90 na chuma cha kushikilia. Mtoto asiyeweza kwenda choo huacha kunywa maji, kisha huacha shule.

Wazazi wengine watalalamika kwamba wastani wa alama za shule utashuka. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini hofu haijaondoka nayo. Malalamiko yenye uzito ni ya mwalimu mwenye wanafunzi 70. Mpe msaada unaoonekana: wanafunzi wawili wa zamu kila wiki wa kusukuma kiti na kunakili. Ndugu wa mtoto asipewe kazi hiyo ya kudumu, maana masomo ya ndugu huyo huharibika kimyakimya.

Kwa usafiri, harambee haifai: huleta pesa nyingi siku moja, na bodaboda hulipwa kila wiki. Akitoza shilingi 100 kwa siku, kwenda na kurudi, ni 500 kwa wiki. Chama cha watu 20 wakitoa 25 kila mmoja wameimaliza. Kubaliana na waendeshaji wawili wa stendi moja, mmoja akiwa wa akiba. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiketi nyuma peke yake. Mtu mzima akae nyuma yake amshike.

Baraza liitishwe baada ya muhula mmoja. Aongee mwalimu wa darasa, kwa Kidholuo au Kiluhya cha pale, kisha mama akitaka. Mtoto asisimamishwe mbele. Mwanasiasa akija na kiti cha magurudumu, shukuru, ila mtoto apimwe kwanza. Kiti kikubwa humpinda mgongo na kumtia vidonda.

Mwishoni mwa mwaka kaeni tena na mwalimu mkuu, mkubaliane darasa lipi litatumia chumba chenye rampu. Mtoto akipanda gredi, chumba hicho kimfuate, la sivyo Januari atakuwa nje ya ngazi nyingine.