Kabla hamjauza kiwanja, ulizieni kinyama

Wiki iliyopita aliniandikia msomaji mmoja wa Singida. Baba yake ana saratani ya utumbo mpana na imeshafika kwenye ini. "Dada, tumesikia kuna dawa ya kinga inayoponya hata waliokatiwa tamaa. Tuna kiwanja cha urithi na mnunuzi yupo. Tuuze?" Chini yake akanibandikia ile habari ya New York, ya wagonjwa 12 waliopona wote.

Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Habari hiyohiyo iliingia kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu Juni 2022. Sisi tulikuwa na shamba. Tuliuza.

Hapa wengi mnanijua kama dada wa maabara. Miaka 11 kazi yangu ni vinyama, yaani vipande vidogo vya nyama vilivyokatwa kwa mgonjwa ili vipimwe: kinyama kinaletwa kwenye kopo la fomalini, nakiandaa, nakigandisha kwenye nta, nakikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, navipaka rangi, kisha daktari wa patholojia anasoma. Mnaniuliza maana ya majibu, nami nawajibu bila kuchoka. Leo nawaeleza swali ambalo mimi mwenyewe sikuliuliza, na limenikaa kifuani tangu wakati huo.

Kaka yetu mkubwa alikuwa dereva wa lori la Tunduma. Mwaka 2021 alianza kuona damu chooni, akanyamaza miezi kadhaa kama wanaume wengi wanavyonyamaza. Upasuaji alifanyiwa, kemo alipata. Ile miezi siisimulii. Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa kemo anaijua. Kemo ya kwanza ilishika, ya pili haikushika, na picha ya CT ikaonyesha madoa kwenye ini.

Ndipo ikaja ile habari. Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama, Mbagala. Baba mdogo aliisoma kwa sauti mara mbili, 12 kati ya 12, kisha akanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye unayekaa na madaktari. Unasemaje?" Watu wote wakaniangalia. Nitasema ukweli: nilijisikia mkubwa. Mimi kitinda mimba, wazee wanasubiri neno langu! Nikasema, "Tujaribu."

Sikusema, "Ngojeni kwanza nikaulize." Bloku ya kinyama cha kaka, yaani kile kipande cha nta chenye kinyama chake, ilikuwa kwenye kabati la maabara yangu mwenyewe, hatua ishirini kutoka kwenye kiti ninachokalia kila siku.

Ekari tatu za mikorosho kule Mkuranga, alizopanda marehemu baba, ziliuzwa ndani ya wiki mbili. Anayenunua kwa mtu mwenye mgonjwa anajua hatabishiwa bei. Kaka na wifi wakasafiri nje ya nchi, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Dawa aliyopewa ni pembrolizumab, miligramu 200 kila wiki tatu, dripu ya nusu saa. Siku ya kwanza wifi alitutumia picha: vichupa viwili vya mililita nne kila kimoja, vimesimama kwenye trei ya chuma. Chini yake akaandika, "Mikorosho yote imo humu." Hakuna aliyejibu, isipokuwa mama, aliyetuma dua ya sauti ya dakika nne.

Dozi nne. Halafu CT nyingine, na ini lilikuwa limejaa. Februari 2023 tulimzika Mkuranga, kwenye kipande cha makaburi ambacho mnunuzi alituachia.

Sasa nisikilizeni. Wale wagonjwa 12 walitibiwa Memorial Sloan Kettering, hospitali ya saratani ya New York, dawa yao ikiitwa dostarlimab. Walikuwa na saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo, na ilikuwa bado haijasambaa mbali. La muhimu zaidi, wote 12 walichaguliwa kwa sababu seli za saratani yao zilikuwa na kasoro moja: zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya DNA. Kwenye saratani ya puru, wenye kasoro hiyo ni watu 5 hadi 10 kati ya 100. Kwenye saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa, kama ya kaka, ni kama 5 kati ya 100. Maelezo hayo yalikuwemo kwenye ripoti. Yalidondoka njiani, habari ikirushwa kutoka simu hii hadi ile.

Kwa nini kasoro hiyo ibadilishe kila kitu? Seli za T, askari wetu wa mwili, zina breki inayoitwa PD-1. Tasuku Honjo wa Kyoto na wenzake waliigundua mwaka 1992, na mwaka 2018 yeye na James Allison wakapewa Nobel kwa kazi zao kuhusu breki za kinga. Uvimbe hukanyaga breki hiyo, dawa hii ya kinga, iwe dostarlimab au pembrolizumab, huiachia. Ni dawa ya kweli, imewaokoa watu wengi, sitaki mtu aondoke hapa akisema dada wa maabara kaiita utapeli. Lakini kuachia breki kunasaidia pale ambapo askari wameshaingia ndani ya uvimbe na kumtambua adui. Saratani yenye kasoro ile ina makosa mengi mno ya DNA. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2015, uvimbe wenye kasoro ulikuwa na wastani wa makosa 1,782, usio nayo 73 tu. Makosa mengi huzaa protini ngeni nyingi, na protini ngeni ndizo zinazowaita askari ndani. Katika utafiti huohuo, wagonjwa 10 wa saratani ya utumbo wenye kasoro walipewa pembrolizumab na uvimbe wa 4 ukasinyaa. Wasio na kasoro walikuwa 18. Hakuna hata mmoja aliyesinyaa uvimbe.

Sifuri kati ya 18. Miaka saba kabla ya kikao cha Mbagala.

Baada ya arobaini nilirudi kazini, na jioni moja wenzangu walipoondoka nikatoa slaidi za kaka. Nilizikata mimi. Nilizipaka rangi mimi, nikijua jina lililoandikwa pembeni kwa penseli, na siku ile nilichoangalia ni kama rangi imekaa vizuri. Safari hii niliangalia kama dada. Seli za saratani zilikuwa katikati, zimejipanga kama vijitezi vilivyovurugika. Kuzizunguka kulikuwa na mikanda ya waridi, minene, imelala kama nyuzi za katani. Na nje ya mikanda, pembeni kabisa, kulikuwa na limfosaiti, seli za kinga, ndio wale askari. Vidoti vya bluu iliyokoza, vimesongamana kama watu kwenye geti la uwanja wa mpira siku ya kwanza ya ligi. Ndani, karibu na seli za saratani, nilihesabu vitatu. Nikasogeza slaidi, nikahesabu tena. Viwili.

Nililia pale kwenye hadubini.

Mikanda ile ya waridi ndiyo niliyokwenda kuisomea usiku kwa usiku. Uvimbe hauna seli za saratani peke yake. Una seli za mwili wenyewe zilizovutwa kufanya kazi upande wa adui. Faibroblasti, ambazo kazi yake halali ni kuziba vidonda, hufuma nyuzi za kolajeni mpaka zinakuwa boma. Mishipa ya damu huota imepinda na inavuja, hivyo oksijeni ni chache, asidi ni nyingi, na askari akifika amechoka. Makrofaji, ambazo zilipaswa kumeza adui, hugeuzwa kuwa walinzi wake. Harold Dvorak aliandika mwaka 1986 kwamba uvimbe ni kidonda kisichopona, na tangu niliposoma hivyo sijaangalia slaidi kwa macho yaleyale. Mwili unadhani unaponya jeraha. Unaleta kila kitu chake kizuri kuja kumlinda muuaji.

Kuna kemikali inayochochea ujenzi wa boma hilo na kuwazuia askari, inaitwa TGF-beta. Mwaka 2018 watafiti wa Barcelona waliizuia kwenye panya wenye saratani ya utumbo, askari wakaingia na uvimbe ukashambuliwa. Kwa binadamu dawa za namna hiyo bado hazijafanya vile zilivyofanya kwa panya. Na lile ini la kaka lilikuwa na tatizo lake: mwaka 2021 ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba kwenye panya, makrofaji za ini lenye saratani huziua seli za T zinazopita pale, hata kinga ya mwili mzima inapungua nguvu. Daktari mmoja wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alikuwa ameunusa ukweli huu mwaka 1889. Alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti akajiuliza kwa nini ini linaingiliwa mara nyingi kuliko bandama, ilhali damu inafika kote. Akasema mbegu husambaa kila upande lakini huota zikiangukia udongo unaozikubali. Sisi tuliuza udongo wetu bila kuulizia udongo wa kaka.

Niliwaomba ruhusa wifi na bosi wangu, tukaipeleka bloku kwenye maabara yenye kipimo. Majibu yalikuja kwenye karatasi moja. MLH1 ipo. MSH2 ipo. MSH6 ipo. PMS2 ipo. Protini zote nne za kusahihisha DNA, viini vyote vimeshika rangi ya kahawia. Maana yake kasoro haikuwepo. Kaka alikuwa kama wale 18.

Jambo ambalo sikulitegemea ni mama. Tangu mazishi alikuwa anajilaumu kwamba hakumlisha mwanawe vya kutosha, kwamba kinga yake ilishuka mikononi mwake. Alikuwa amenunua unga wa mlonge, mbegu za maboga, na chupa za "kuongeza kinga" kutoka kwa mtu wa Manzese aliyemtoza laki moja na nusu. Nikamwonyesha picha ya slaidi kwenye simu. "Mama, ona hivi vya bluu. Hiyo ndiyo kinga yake. Ilikuwepo, tena nyingi. Ilifika mpaka mlangoni ikazuiwa." Alivuta picha kwa vidole viwili, akaikuza, akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Vyote hivi ni vyake?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Alhamdulillahi, kumbe alipigana."

Ndugu zangu, najua ninyi mnaosoma hapa mnataka kilekile nilichotaka mimi: kufanya kila linalowezekana, msije kulala na deni la nafsi. Kwa hiyo naomba mnisikie. Msiuze kitu kabla ya kuulizia kinyama. Mgonjwa wako alishakatwa kinyama, bloku ipo kabatini mahali fulani, na ndani yake mna majibu kuhusu mbegu na udongo wake. Kama ni utumbo, ulizia zile protini nne, au kipimo kinachoitwa MSI. Kama ni mapafu, ulizia kipimo cha PD-L1, protini inayoikanyaga ile breki. Kama ni saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, muulize daktari kuhusu kuchanganya dawa, kwa sababu tangu mwaka 2020 atezolizumab hutolewa pamoja na bevacizumab, na hii ya pili huishughulikia ile mishipa ya damu ya uvimbe. Kama ni kongosho, jua kwamba boma lake ni gumu kuliko mengine, na wanaokuahidi miujiza uwaogope. Mweleze daktari dawa zote anazotumia mgonjwa, hasa antibiotiki na dawa za jamii ya steroidi, maana zimeonekana kuambatana na matokeo mabaya kwa wanaopata tiba ya kinga. Lakini la kwanza ni kinyama. Ulizieni kinyama.

Na ukiambiwa kasoro ipo, hapo uza, changisha, kopa! Wagonjwa wa saratani ya utumbo iliyosambaa wenye kasoro hiyo, waliopewa pembrolizumab tangu mwanzo, walikaa miezi 16.5 kwa wastani wa kati kabla ugonjwa haujaendelea. Wa kemo walikaa miezi 8.2. Baba wa msomaji wangu anaweza kuwa mmoja wao. Ndiyo maana kutopima ni dhambi pande zote mbili: unaweza kupoteza shamba bure, na unaweza kumnyima mtu dawa iliyokuwa yake.

Nanyi wenzangu wa hospitali na maabara, mnaoitwa kwenye vikao vya familia mkaonekana wajuzi: semeni "sijui, ngojeni niulize." Mimi niliona aibu kusema maneno hayo mbele ya wazee. Aibu ile ya dakika moja ningeimeza leo mara elfu.

Msomaji wa Singida nilimjibu hayohayo, kwa ufupi zaidi. Mwanzoni alinuna, akaniambia mnunuzi hatasubiri. Nikamwambia mnunuzi wetu naye alisema hivyo. Siku tatu kimya. Jana jioni akanipigia: bloku imepatikana kwenye hospitali alikofanyiwa baba upasuaji, ndani ya bahasha yenye vumbi, namba inasomeka. Anapanda basi la alfajiri Jumatatu kuileta Dar. Nimemwambia aifunge kwenye kitambaa, aiweke kwenye begi la mkononi, na asikae nayo upande wa dirisha wenye jua, nta isije ikayeyuka.