Wasomaji Wanauliza: Kichezeo cha mota kinachokubali kukamatwa

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasoma ufundi wa umeme hapa Arusha, na wakati wa likizo nilimtengenezea paka wetu kigari kidogo chenye mota mbili za njano, kidhibiti cha Arduino Uno na mkia wa uzi wa sufu. Mwanzoni alikikimbiza kwa furaha, lakini siku hizi kikiwashwa tu anaingia uvunguni mwa kitanda, au anakitazama bila kunyanyuka. Tatizo liko wapi? – Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Saketi yako inafanya kazi, ila umeisanifu kwa macho na masikio ya binadamu. Tuanze na sauti, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa zaidi. Sikio la mtu huishia kwenye hezi 20,000 hivi (yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde), la mbwa hufika karibu 45,000, na la paka hupita 60,000, kwani panya anaowawinda hutoa milio mingi ambayo sisi hatuisikii kabisa. Arduino Uno, usipoibadilisha mipangilio, hupunguza mwendo wa mota kwa kuukata na kuuunganisha umeme wake kwa hezi 490 au 980 kutegemea pini uliyochagua, na hapo ndipo unapotoka ule mvumo mwembamba mota inapokwenda polepole. Mafundi wengi hupandisha masafa hayo hadi hezi 31,000 hivi, mvumo ukapotea, nao wakaridhika. Kumbe paka bado anausikia wote. Ningekushauri uachane na njia hiyo ya kupunguza mwendo. Mota hizo zimekusudiwa voti 3 hadi 6, kwa hiyo zipe betri tatu za kuchaji zenye voti 1.2 kila moja, uziwashe na kuzizima kwa vipindi vifupi, na uzipake gia grisi kidogo ili meno ya plastiki yasilie. Hakikisha tu kwamba hutumii saketi ya kuendeshea mota ya L298N, maana hiyo hula karibu voti 2 njiani na mota zako zitakosa nguvu.

Vipindi hivyo vifupi vina faida nyingine. Windo halizunguki sebuleni bila kupumzika, wala halimwendei paka usoni. Hukimbia likielekea mbali naye, husimama ghafla, hutetemeka kidogo, kisha hujificha nyuma ya mguu wa kiti. Kigari kinachomfuata paka kinamgeuza yeye kuwa windo, na hilo pekee linatosha kumpeleka uvunguni. Ukubwa nao una uzito wake: mwili usiozidi wa panya humvuta, ilhali ulio mkubwa kama kiatu humtia shaka, hasa akiwa ameshiba.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa kazi yote, nalo ni kile kinachotokea paka anapokipata. Vichezeo vingi vya mota huendelea kusukuma magurudumu huku mnyama amekikandamiza sakafuni, na matokeo yake ni kwamba mnyama hapati ushindi wowote, mota inapata joto, na manyoya ya mkia wa paka yanasokotwa kwenye ekseli. Yote matatu yana dawa moja. Mota ikizuiwa, mkondo wa umeme unaopita ndani yake huongezeka mara kadhaa. Ukiweka rezista ya omu 0.5 yenye uwezo wa wati 1 katika njia ya umeme ya mota, kila ampea 1 itakupa voti 0.5 ambayo pini ya analogi ya Arduino inaisoma bila shida. Iandikie programu yako kwamba mkondo ukipanda ghafla, kichezeo “kife” palepale, kilale kimya sekunde kadhaa huku paka akikitafuna na kukipiga teke kwa miguu ya nyuma, ndipo kijaribu kutoroka tena. Na kwa kuwa programu nayo huweza kukwama, tia pia fyuzi inayojirudisha yenyewe, ili usalama wa mkia wa paka usitegemee mistari ya maandishi pekee. Mianya ya magurudumu iwe ama myembamba kiasi cha kutopitisha ukucha, ama mipana kiasi cha mguu kuingia na kutoka bila kunaswa. Iliyo katikati ndiyo mibaya.

Mkia wa uzi uondoe leo. Ulimi wa paka una vijimiba vilivyoelekea kooni, hivyo uzi ukishaingia mdomoni ni vigumu kwake kuutema, na ukimezwa huweza kushika mahali pamoja huku utumbo ukijikunja juu yake hadi ukachanika. Ukiuona uzi umetokeza mdomoni au nyuma ya paka, usiuvute, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Badala yake shona kipande kifupi na kipana cha kitambaa kigumu, kisichochomoka nyuzi.

Kuhusu kuchoka, mwaka 2002 Sarah Hall, John Bradshaw na Ian Robinson walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba paka aliyepewa kichezeo kilekile mara kwa mara hupoteza hamu, lakini hamu hiyo hurudi akipewa kilicho tofauti. Huhitaji kujenga kigari kipya. Tengeneza ganda linalovuliwa, leo liwe la kitambaa, kesho la karatasi inayochakarika. Kiwashe kabla ya chakula cha jioni, kisha kifungie kabatini.

SWALI: Mwanangu ameniletea mpira unaojiviringisha wenyewe na kuwaka taa nyekundu, eti ni wa paka. Nyumbani tuna paka, mbwa mdogo na mjukuu wa miaka miwili. Je, ni salama? – Mama wa Mombasa

JIBU: Mama, upindue kwanza utazame mfuniko wa betri. Ikiwa unafunguka kwa ukucha, bila bisibisi, usiuache sakafuni katika nyumba hiyo. Betri bapa za duara, hasa za lithiamu zenye upana wa milimita 20, zikikwama kwenye umio hupitisha umeme katika majimaji ya mwili na kuanza kuunguza nyama. Kwa mtoto, saa mbili tu zaweza kuleta jeraha baya. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 juu ya mifuniko ya betri hizo kwa sababu ya watoto, lakini mbwa anayetafuna hangojei kufungua mfuniko, anapasua ganda zima. Kwa hiyo mpira wa paka usiwe wa mbwa, hata kama mwenyewe anaupenda, na mjukuu wala mnyama akishukiwa kumeza betri asisubiriwe atapike au alie ndipo apelekwe kutibiwa. Taa nyekundu haina madhara, ila paka na mbwa huona buluu na njano vizuri zaidi, kwa hiyo yaelekea rangi hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya mnunuzi.

SWALI: Ninataka kuunda mashine ya kumrushia mbwa wangu mpira nikiwa kazini. Nizingatie nini? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Bwana, zingatia kwanza kwamba hutakuwapo. Mbwa atajifunza upesi kuchungulia ndani ya mdomo wa mashine, kwa hiyo weka kihisi cha umbali mbele yake, na mpira usirushwe hadi eneo lote liwe wazi kwa sekunde chache mfululizo. Magurudumu yanayosukuma mpira yafungiwe ndani kabisa, na waya wa chaji usifikiwe na meno. Mpira wa tenisi una kipenyo cha sentimita 6.5 hivi, na mbwa mkubwa aweza kusongwa nao; mchagulie mkubwa zaidi, usio na manyoya yale ya juu, ambayo hushika mchanga na kusaga meno. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu zilizopakwa zinki zikimezwa huyeyuka tumboni na kuharibu chembe nyekundu za damu. Mwisho, weka kikomo cha mirusho katika programu, kisha mapumziko marefu, na mashine isifanye kazi saa za jua kali: mbwa apendaye mpira huendelea kuukimbilia hata joto la mwili likiwa limepanda kupita kiasi.